Tarikhi ya Kiraka: Tairi, Miba na Mafundi wa Baiskeli katika Nchi ya Biharamulo na Ngara

Nyamigogo, katika nchi ya Biharamulo na Ngara, iko mbali na kila mahali ambapo mpira wa gurudumu hutengenezwa. Tangu baiskeli ya kwanza ilipopanda vilima vya nchi hii, tairi na tyubu zilizotumika hapa aghalabu zilivuka bahari, zikashushwa bandarini pwani, zikapakiwa katika behewa la reli, zikavushwa Ziwa Viktoria kwa meli hata Bukoba au Nyamirembe, na kutoka huko zikaletwa kwa lori au kwa kichwa cha mchukuzi mpaka dukani. Na kwa kuwa bidhaa iliyosafiri masafa kama hayo ilikuwa ghali ilipopatikana, wala haikuwa na badali ilipokosekana, watu wa nchi hii walilazimika kujifunza elimu ambayo watengenezaji hawakuwauzia pamoja na tairi lenyewe, nayo ni elimu ya kuliongezea umri. Makala haya yanashika dai moja: kwamba katika nchi hii tairi halikuchaguliwa dukani siku ya kununuliwa, bali lilichaguliwa chini ya mti wa fundi, kiraka baada ya kiraka, kwa muda wa miaka mingi, na kwamba fundi wa pancha anastahili kutajwa katika tarikhi ya nchi kwa heshima ile ile wanayopewa walioleta kahawa, shule na dawa.

Gurudumu la upepo lenyewe si la kale sana. Robert William Thomson, Mskoti, alipewa hataza ya gurudumu la namna hiyo Uingereza mwaka 1845, lakini uvumbuzi wake ulisahauliwa kwa zaidi ya miaka arobaini, hata John Boyd Dunlop, tabibu wa mifugo aliyekuwa akifanya kazi Belfast, alipouvumbua upya mwaka 1887 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Tairi la Dunlop lilikuwa laini na jepesi, lakini lilibandikwa kwa gundi juu ya rimu, na lilipotoboka mwenye nalo alipata mashaka makubwa ya kulibandua, kuliziba na kulibandika tena. Ndugu wawili wa Clermont-Ferrand katika nchi ya Ufaransa, Édouard na André Michelin, walitengeneza tairi linalobanduka, na mnamo Septemba 1891 Charles Terront alilitumia katika mashindano ya kutoka Paris hadi Brest na kurudi, masafa ya kilomita kama 1,200, akashinda kwa muda wa saa 71 na dakika chache, ingawa alipata pancha njiani. Ushindi ule uliwafunza walimwengu jambo ambalo kila mpanda baiskeli wa Biharamulo angelikubali bila ya hoja: tairi lisilotoboka halipo, na tairi bora ni lile ambalo likitoboka huzibika upesi, mwendo ukaendelea.

Lakini faraja ya wapanda baiskeli wa Ulaya ilikuwa na gharama, na gharama hiyo ililipwa karibu nasi kuliko wengi wanavyokumbuka. Haja ya mpira ilipozidi katika miaka ya 1890, Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyeitawala Kongo tangu 1885 kama milki yake mwenyewe, aliwaamuru watu wa misitu ile kuleta utomvu wa mitambaazi ya mpira kwa vipimo, na waliopungukiwa walipigwa, wakafungwa, wakauawa, na wengine wakakatwa mikono, hata kelele za dunia zikamlazimisha kuiachia serikali ya Ubelgiji nchi ile mwaka 1908. Upande wetu wa mashariki Wajerumani nao walipanda mpira wa Ceara katika mashamba ya Usambara na Tanga, wakatarajia utajiri, lakini mpira wa mashamba ya Asia uliposhusha bei mwaka 1913 mashamba mengi yalianguka. Basi tairi la kwanza lililofika katika vilima hivi halikuwa geni kabisa kwa Afrika; utomvu wake huenda ulitoka katika ardhi hii hii, ukaenda ughaibuni kwa machozi, ukarudi kwa bei.

Nani aliyelileta? Wajerumani walijenga boma Biharamulo mwanzoni mwa karne ya 20, na jengo lile lingalipo. Wabelgiji wakaliteka mwaka 1916 walipovuka Mto Kagera katika vita vikuu vya kwanza. Kisha Waingereza wakashika utawala, na katika siku zao baiskeli ilianza kuonekana mikononi mwa watu ambao kazi zao ziliwapa mwendo mrefu kuliko miguu yao: karani, tarishi, mwalimu, katekista wa misheni ya Rulenge, mhudumu wa hospitali ya Murgwanza, bwana shamba. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928 njia ya bidhaa ikafupika, na bei ikaanza kushuka kutoka juu ya mlima wake. Hata hivyo njia kubwa ya baiskeli kuingia katika nyumba za Wahangaza, Washubi, Wasubi na Wazinza ilikuwa jasho la watu wenyewe. Vijana wa Bugufi katika Ngara, pamoja na jirani zao wa Burundi na Rwanda, walikwenda kwa miguu kupitia Biharamulo na Bukoba hata Buganda, wakalima pamba na kahawa katika mashamba ya wengine, na waliojaliwa kuweka akiba walirejea wakisukuma baiskeli iliyofungwa nguo na majembe. Wengine hawakwenda mbali: katika miaka ya 1930 kahawa ilipandwa Bugufi, wakulima wakaunda chama chao cha ushirika, na fedha ya kahawa ikageuzwa kuwa mabati ya nyumba, karo ya shule na magurudumu mawili.

Baiskeli waliyoinunua ilikuwa ya Kiingereza, nzito, nyeusi, yenye breki za fimbo za chuma, karia pana nyuma, na magurudumu makubwa ambayo kila duka liliyajua kwa namba 28. Tairi lake lilikuwa na unene wa inchi moja na nusu, na ingawa mnunuzi hakupewa hiari ya kuchagua kati ya namna kumi kama wapewavyo wapanda baiskeli wa leo katika miji mikubwa, bahati ilitaka kwamba namna hiyo moja ilifaa. Gurudumu kubwa hupita juu ya shimo dogo bila ya kuzama; tairi nene kiasi hustahimili gunia la kahawa, mkungu wa ndizi au mgonjwa anayepelekwa zahanati; na kwa kuwa kila baiskeli ilikuwa na kipimo kile kile, tyubu ya marehemu iliweza kumfaa aliye hai, na tairi la Ngara liliingia katika rimu ya Biharamulo pasipo swali. Usawa huo wa kipimo ulikuwa neema isiyosifiwa, na thamani yake ilidhihiri baadaye, zilipoingia baiskeli za namba 26 zenye rimu za vipimo mbalimbali, ambapo mtu aliweza kutembea soko zima akiwa na fedha mkononi asipate tairi la gurudumu lake.

Njia zenyewe zilikuwa adui wa kudumu. Katika mabonde makavu mbigili hutambaa kando ya vijia na kutawanya mbegu zenye pembe kali, ambazo huanguka huku pembe moja ikitazama juu sikuzote. Penye migunga upepo huangusha miba mirefu myeupe. Na barabara za changarawe zina vipande vya jiwe jeupe vyenye ncha kama kioo. Fauka ya hayo, sehemu kubwa ya Biharamulo ilikuwa pori la mbung'o. Ugonjwa wa malale ulipoenea, serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi kutoka makazi yaliyotawanyika na kuwakusanya mahali pamoja, na mpanda baiskeli aliyetoka porini aliweza kusimamishwa katika kituo cha barabarani ili mbung'o waliomfuata waondolewe kabla ya kuingia penye makazi. Pancha iliyompata mtu katikati ya pori la namna hiyo ilikuwa hatari ya mwili, kwa maana aliyesimama kuziba tyubu alikuwa karamu ya nzi wale. Basi kila msafiri mwenye akili alibeba chini ya kiti chake mfuko wa ngozi wenye kipande cha msasa, mrija wa gundi iitwayo solusheni, na viraka vichache, na pampu ilifungwa kwenye fremu kama silaha.

Lakini wengi waliutegemea mkono wa fundi, na kazi ya fundi yafaa itazamwe kwa karibu. Fundi stadi haanzi kwa kufungua. Huanza kwa kuuliza kama upepo ulitoka ghafla au kidogo kidogo, na kama baiskeli ililala na upepo ikaamka haina. Kisha hulowesha kidole kwa mate akakipitisha juu ya mdomo wa valvu: povu likitokea, kasoro iko katika kimpira kidogo kinachovikwa ndani ya valvu, nacho hubadilishwa kwa fedha kidogo bila ya kugusa tairi. Valvu ikiwa salama, baiskeli hupinduliwa ikakaa juu ya kiti na usukani wake, na mdomo wa tairi hubanduliwa kwa mkia wa kijiko au kwa chuma kilichofuliwa bapa, wala si kwa ncha ya bisibisi, kwa sababu bisibisi ya mwenye pupa huongeza tundu la pili. Tyubu hujazwa upepo na kuzamishwa katika beseni la maji, kipande kwa kipande, mpaka povu lionyeshe mahali, na hapo kijiti cha kiberiti huchomekwa ili pasipotee.

Hapa ndipo ustadi hupambanuka na ubabaishaji. Asiye fundi hukimbilia kubandika kiraka. Fundi huilaza tyubu juu ya tairi, valvu mahali pa valvu, akatazama tundu limekabili upande gani, akapitisha vidole vyake taratibu ndani ya tairi kuutafuta mwiba uliobaki, maadam mwiba usiotolewa utakitoboa kiraka kipya kabla mteja hajavuka mto. Kiraka chenyewe hukatwa katika tyubu kuukuu, na pembe zake huviringwa, kwa kuwa pembe kali huinuka kwanza. Uso wa tyubu na uso wa kiraka hukwaruzwa kwa kibati kilichotobolewa matundu kwa msumari. Solusheni hupakwa pande zote mbili na kuachwa ikauke hata isishike kidole. Kisha kiraka hukandamizwa, hugongwa polepole juu ya jiwe bapa, na hunyunyiziwa vumbi laini ili kisigandamane na tairi. Aliyebandika kiraka huku gundi ingali mbichi amefanya kazi ya nusu saa ambayo jua la adhuhuri litaivunja, na kila mtu wa njia hizi amepata kumjua fundi wa namna hiyo akaepukana naye. Hivyo jina jema la fundi lilipimwa kwa viraka vilivyodumu, na sifa yake ilisafiri juu ya magurudumu ya wateja wake.

Fundi huyo huyo ndiye aliyekuwa mshauri wa tairi. Yeye alijua kwamba mzigo hukaa nyuma, na kwa hiyo tairi jipya huvikwa nyuma, na lililokwisha kulika huhamishiwa mbele kumalizia umri wake chini ya uzito mwepesi. Yeye aliona mapema nyuzi za kitambaa zikichungulia katika ubavu wa tairi, akakata kipande cha tairi lililokufa na kukilaza ndani kama ngao, akalishona tundu kwa sindano kubwa na uzi wa nailoni, mshono wa kukazwa kwa meno. Kwa mteja anayepita penye mbigili alikata kingo za waya za tairi kuukuu akalivika lote ndani ya tairi jipya, na baiskeli ikawa nzito kupanda kilima lakini mwiba ukachoka kabla ya kufika kwenye tyubu. Huu ndio uchaguzi niliousema: kati ya wepesi na usalama, kati ya haraka ya leo na maisha ya mwakani, kila mtu kwa kadiri ya mzigo wake na njia yake. Na tairi lilipokuwa halishoneki tena halikutupwa. Lilikatwa likawa katambuga za kwendea shamba, na tyubu ikachanwa ikawa kamba za kufungia mizigo kwenye karia, na manati mikononi mwa watoto waliolinda mtama.

Elimu hiyo ilitiwa mtihanini mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa vita vikuu vya pili, Wajapani walipoitwaa Malaya na Singapore mwanzoni mwa mwaka 1942 na kuufunga mlango mkuu wa mpira wa dunia. Serikali ikafufua mashamba ya mpira ya Wajerumani yaliyokuwa yamegeuka pori, na mpira uliopatikana ukaenda kwanza jeshini, huku raia akibaki na kile alichonacho. Mara ya pili ilikuwa ndefu zaidi na wazee wengi wanaikumbuka. Baada ya uhuru baiskeli ziliongezeka, za China aina ya Phoenix na, baadaye, Swala zilizounganishwa Dar es Salaam, na kuhamia katika vijiji vya maendeleo katika miaka ya 1970 kuliwafanya wengi wawe mbali na mashamba yao ya zamani, hivyo gurudumu likawa haja na si fakhari. Ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, fedha za kigeni zikakauka, na tairi na tyubu zikaingia katika orodha moja na sukari, sabuni na chumvi: bidhaa adimu, zilizogawiwa kwa kibali na kusubiriwa kwa foleni, na ambazo zaidi ya hapo zilipatikana kwa magendo kutoka ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1983 serikali ilipopiga vita uhujumu uchumi, mwenye kuficha tairi dukani aliogopa kama mwenye kuficha silaha.

Katika miaka ile fundi aliinuka kuwa nguzo ya kijiji. Tyubu yenye viraka ishirini ilipata cha ishirini na moja. Tyubu mbili zilizokufa zilikatwa na kuunganishwa zikawa moja yenye uhai. Na pasipokuwa na tyubu kabisa, tairi lilishindiliwa nyasi kavu au matambara mpaka likajaa, likafungwa kwa kamba za mpira juu ya rimu, na baiskeli ikaendelea kwa kishindo, ikivunja spoki na kuumiza mgongo wa mpandaji, lakini ikifikisha gunia mnadani. Kama mtu anauliza uchumi wa vijiji ulishikiliwa na nini wakati maduka yalipokuwa matupu, jawabu moja ni mikono iliyokataa kukubali kwamba tairi limekufa.

Mwaka 1984 milango ya biashara ilianza kufunguliwa, na tairi za India na China zikarudi kwa wingi, nyingine imara, nyingine nyembamba za kudumu msimu mmoja, na kwa mara ya kwanza mnunuzi wa kijijini akapewa uchaguzi wa kweli bila ya kupewa elimu ya kuchagua. Akamrudia fundi, ambaye hulikunja tairi kwa mikono miwili akatazama kama ubavu una nyufa nyembamba kama nywele, na kuuchungua ukingo kuona kama waya wake umekaa sawa. Muongo mmoja baadaye balaa la jirani liliibadili nchi nzima. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 waliokimbia Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa uliozuka juu ya vilima. Masoko yakafunguliwa, mizigo ikasafirishwa, na baiskeli ikawa chombo cha riziki kwa mkimbizi na mwenyeji, hata wakimbizi wa Rwanda waliporudishwa kwao Desemba 1996. Na kwa miaka mingi baadaye ujambazi wa barabarani uliyafanya magari yasindikizwe na askari kupitia misitu ya Biharamulo, na mpanda baiskeli, ambaye hakuwa na wa kumsindikiza, alijua kwamba tyubu nzima ni sehemu ya usalama wake.

Leo lami inapita Nyakanazi na Lusahunga kuelekea Rusumo, malori ya Rwanda na Burundi hunguruma usiku na mchana, na mwiba umebadilika umbo: matairi ya malori hupasuka na kutawanya nyuzi nyembamba za chuma ambazo jicho halizioni na tairi la baiskeli halizizuii. Pikipiki za bodaboda zimechukua abiria wengi, lakini zimekuwa wateja wa mafundi wale wale. Na ng'ambo ya Mto Kagera, kwa barabara ile ile ipitayo Rusumo, Kigali ilipokea Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika, ambapo mabingwa walipita juu ya tairi ambazo aghalabu hazina tyubu, zenye utomvu wa maji ndani yake unaokimbilia tundu na kuliziba, gurudumu likiwa bado linazunguka. Ni uvumbuzi wa ajabu. Lakini nia yake ndiyo nia ya fundi wa Nyamigogo aliyevika tairi ndani ya tairi, yaani kumfikisha mpandaji aendako.

Tofauti ni kwamba fundi wa mabingwa wale ana hati na mshahara, na fundi wa Nyamigogo hana hata kibanda. Nchi yetu inayo njia ya kuirekebisha hali hiyo: VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, huwapima mafundi waliojifunza kazi nje ya madarasa na kuwapa vyeti vya ujuzi wao, na halmashauri za Biharamulo na Ngara zina haki na wajibu wa kuwafikishia mafundi wa pancha nafasi hiyo, pamoja na mahali pa kudumu pa kufanyia kazi penye kivuli na maji. Aidha, wazee waliozishindilia tairi nyasi katika miaka ya njaa ya bidhaa wangalipo, na walimu wa shule zetu waweza kuwatuma wanafunzi wakawaulize na kuandika namna walivyoshona, walivyounganisha na walivyochagua, kwa maana hiyo ni tarikhi ya ufundi wa nchi hii, na walioifanya kwa mikono yao ndio wenye haki ya kwanza ya kuisimulia.